Pati katika gofu: ni nini, na hufanyiwaje mazoezi

Katika gofu, pati ni pigo la kuuviringisha mpira juu ya grini, yaani eneo lenye nyasi zilizokatwa fupi kabisa ambalo ndani yake mna shimo. Mpira hauruki, unatambaa. Fimbo yake ina uso bapa na haidai misuli, ndiyo maana mzee anaweza kumtoa jasho kijana anayepiga mipira mirefu kuliko wote klabuni.

Uzito wake unaonekana kwenye hesabu. Kiwanja cha mashimo 18 chenye pa ya 72, yaani idadi ya mapigo anayotarajiwa kutumia mchezaji hodari, humtengea mchezaji pati mbili kwa kila shimo: 36, nusu ya mapigo yote. Wachezaji wa PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa kule Marekani, hutumia pati 29 hivi kwa raundi. Hata hivyo, muda mwingi wa mazoezi wengi wetu huumalizia kwenye kupiga mbali.

Pati ina mambo mawili, mwelekeo na mwendo. Anayeanza huhangaika na mwelekeo, na kwa maoni yangu hapo ndipo anapopoteza mapigo. Pati ya mita kumi ikienda upande, mara nyingi ni kwa sentimita kadhaa. Ikikosewa nguvu, inabaki nyuma au inapitiliza kwa hatua mbili nzima, na pati ya tatu inanukia. Tena mwendo ndio unaoamua mwelekeo wenyewe: kwenye mteremko, mpira wa polepole hupinda zaidi kuliko wa kasi. Hata shimo hubadilika. Lina upana wa milimita 108, na mpira ni kama 43 tu, lakini mpira unaokuja kwa kasi hauingii usipopita katikati. Ule unaokaribia kuishiwa nguvu huweza kudumbukia hata kwa ukingoni.

Basi anza na umbali. Chomeka tii, vile vijiti vidogo vya kuwekea mpira, mita tatu, sita na tisa kutoka ulipo, kisha piga mpira mmoja kwa kila moja, ukibadilisha zamu. Usipige mipira mitatu mfululizo sehemu ileile: wa tatu huwa mzuri kwa sababu wa kwanza umekufundisha, na mchezoni hakuna wa kwanza wa kujifunzia. Mapigo ya kujaribu yafanye ukitazama unakolenga, si chini. Mtu anayemrushia mtoto chungwa hapimi nguvu za mkono wake, macho humpimia.

Za mita moja zije baadaye. Zunguka shimo lililo kwenye mteremko, upige kutoka kila upande, na tii mbili zikiwa mlango mwembamba wa kupitishia fimbo. Hizi ndizo za kudai usikose. Za mita mbili na nusu hata wachezaji wa kulipwa hukosa karibu nusu yake, kwa hiyo usijichukie.

Siku ya mchezo, pitia grini ya mazoezi kwanza, maana kasi ya nyasi haifanani kila siku. Umande wa asubuhi pekee hupunguza mwendo. Pati ndefu chache zitakuonyesha grini ikoje leo.

Na zulia la sebuleni? Linanyoosha mkono vizuri, ila umbali halifundishi.