Je, Baba Krismasi ni zao la tangazo la soda?

Wengi huamini kwamba Baba Krismasi, yule mzee wa ndevu nyeupe na joho jekundu, alibuniwa na Coca-Cola ili soda inunuliwe hata wakati wa baridi. Ni kweli kwamba Haddon Sundblom alianza kumchora katika matangazo ya kampuni hiyo mwaka 1931, na michoro yake ilisambaa mno. Lakini Thomas Nast alikwisha kumchora katika jarida la Harper's Weekly tangu 1863, na joho jekundu nalo lilitangulia tangazo.

Zawadi zenyewe zina asili ya kale zaidi. Husimuliwa kwamba Nikolao, askofu wa Myra (leo Demre, nchini Uturuki) katika karne ya 4, alisikia habari za fukara aliyekosa mahari ya binti zake watatu, kwani huko, kinyume na kwetu, mahari ilitoka upande wa bibi harusi, naye akatupia mifuko ya dhahabu dirishani usiku, asionekane. Hiyo ni hekaya, si kumbukumbu ya kihistoria. Hata hivyo, usiku wa kuamkia sikukuu yake ya Desemba 6 watoto wa Uholanzi huweka viatu, pamoja na karoti ya farasi wake, wakimngoja Sinterklaas (yaani Mtakatifu Nikolao kwa Kiholanzi), jina ambalo huko Marekani liligeuka kuwa Santa Claus, ndiye Baba Krismasi.