Kijana wa kijijini na uraibu: anzia zahanati kabla hujauza ng'ombe

Familia nyingi kutoka vijijini hutufikia zikiwa zimechoka na mfuko umekauka. Kijana alianza bangi au gongo akiwa darasa la saba au kidato cha kwanza. Wazazi wamemsema, wamemchapa, wamempeleka kwa mjomba mkoa mwingine, mwisho wakasikia kuna nyumba mjini inayotibu walevi. Ng'ombe wakauzwa. Kijana akakaa huko miezi kadhaa, akarudi amenawiri, na baada ya wiki chache akaonekana tena kijiweni. Hapo ndipo ukoo mzima husema matibabu ya uraibu ni kupoteza fedha.

Matibabu yanasaidia. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumfuatilia kijana baada ya kurudi nyumbani. Uraibu ni ugonjwa wa muda mrefu kama kisukari, na hauishi kwa kulazwa mara moja. Kwa kijana uzito ni mkubwa zaidi, kwa sababu ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ileile inayomsaidia mtu kupima madhara na kujizuia. Kwa hiyo nawaomba wazazi watangulize swali hili: nani, karibu na nyumbani, atamwona mtoto wetu kila mwezi?

Hapa Tanzania, jibu huanzia zahanati au kituo cha afya. Mwone mganga mfawidhi, mweleze tatizo bila kuficha, na kama hawezi kulishughulikia mwombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, kwa muuguzi au daktari wa afya ya akili. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye anahusika, hasa kama kijana ameacha shule au nyumbani hakukaliki. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, na kwa mambo ya watoto ipo 116.

Wengi huogopa kwamba kwenda hospitali ni kumpeleka mtoto polisi. Sivyo. Anayekuja kutibiwa ni mgonjwa, na siri yake hutunzwa. Mara nyingi mama huingia na mwanawe na kuanza kumjibia kila kitu. Mhudumu mzuri humsikiliza mama, kisha humwomba asubiri nje kidogo. Akibaki na kijana humwuliza anatumia nini, lini mara ya mwisho, mwili unamfanyaje akikosa, na kama amewahi kufikiria kujidhuru. Humwambia anyooshe mikono mbele aone kama inatetemeka. Mama akiwa nje, vijana wengi husema ukweli ambao hawajawahi kuutamka. Tafadhali, mzazi, ukiombwa utoke, toka bila kinyongo.

Matibabu hutegemea kinachotumika, na hapa watu huchanganya sana. Methadone, dawa ya kunywa iliyoanza kutolewa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 na baadaye kusambaa mikoa mingine, ni ya heroini na dawa za jamii yake. Hutolewa bure, lakini kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo kijana wa mbali atahitaji ndugu wa kukaa naye karibu na kliniki. Haisaidii bangi, mirungi wala pombe. Kwa bangi na mirungi tegemeo kubwa ni unasihi, yaani mazungumzo ya ushauri, wa mara kwa mara. Kijana akianza kusikia sauti au kuhisi watu wanamfuata, anahitaji hospitali mapema.

Gongo ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa kuwa watu huidharau. Anayekunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, na ndani ya siku chache akachanganyikiwa vibaya hadi kufa. Kumfungia ndani ili imtoke ni hatari. Aachishwe chini ya uangalizi wa wahudumu, na dawa zinazohitajika zipo.

Nyumba za upataji nafuu, kama ile ya mjini niliyoitaja mwanzo, zina nafasi yake, na zipo zinazofanya kazi kwa moyo. Kabla ya kulipa, uliza kama imesajiliwa, mhudumu wa afya ni nani, na kama mtoto wa miaka 15 atalala na watu wazima. Uliza pia watawasiliana na nani mkishamrudisha kijijini. Ukikuta wanafunga watu minyororo au kuwapiga, mtoe mtoto wako siku hiyohiyo. Maombi hayazuii dawa, na sheikh au mchungaji anayemtembelea kijana ni msaada mkubwa, mradi asimwachishe kliniki.

Kuhusu umbali, ombeni miadi iangukie siku ya gulio, siku ambayo magari yapo na nauli inavumilika. Chukueni namba ya simu ya kliniki. Teueni mtu mzima mmoja ambaye kijana mwenyewe anamwamini, awe shangazi, babu au mwalimu, awe anakwenda naye. Mpatieni kazi au mafunzo mapema, maana kijana anayeshinda bila shughuli hurudi kijiweni kwa urahisi. Akiteleza, asifukuzwe nyumbani wala asifichwe: miadi isogezwe karibu.

Aliyekuwa anatumia heroini ana hatari ya pekee. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili hupoteza uzoefu, na kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Ukimkuta hazinduki, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu, usimwache peke yake, tafuta bodaboda au gari lolote mara moja, na mkifika waambieni wahudumu wazi alichotumia.