Filamu "iliyofutwa" maana yake nini, na kwa nini kamera yake bado inapiga

Mtu akirithi kamera ya babu, akifungua mgongo akakuta imeandikwa 620 au 127 au 616, akiulizia anaambiwa hiyo filamu ilishafutwa zamani, weka tu kabatini iwe pambo. Jibu hilo huwa linaniuma sana, maana mara nyingi kilichokufa ni spuli tu, kile kijiti inachoviringishiwa, na filamu yenyewe bado ipo madukani.

Tuanzie kwenye zile namba. 620 sio milimita wala sio kipimo chochote, ni jina tu ambalo Kodak waliipa filamu ili ujue inaingia kamera gani. Na filamu ya mkanda ni utepe wa filamu uliolazwa juu ya karatasi ndefu, ukaviringishwa nayo kwenye kijiti chenye visahani viwili pembeni, hicho ndio spuli. Haina kopo kama ile ya 35mm, mwanga unazuiwa na karatasi na visahani basi.

Sasa filamu ya 120 ilitoka mwaka 1901 na hadi leo inatengenezwa. 620 ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1930, upana uleule, urefu uleule, karatasi ileile, ila spuli yake kijiti ni chembamba na visahani ni vidogo, kwahiyo ukichukua roli ya 120 ukajaribu kuingiza kwenye kamera ya 620 inakwama. Kodak wakaacha kuitengeneza 1995. Lakini unaona wenyewe, ukihamisha filamu ya 120 kwenye spuli ya 620 umeshapata 620!

Kuhamisha kunafanyika kwenye giza totoro, hata taa nyekundu hapana. Unaiviringisha kwanza kwenye spuli ya kati, halafu unaanzia ule mwisho wake kuirudisha kwenye spuli ya 620, ili mwanzo wa filamu ukae nje kama ulivyokuwa. Kuna sehemu moja inasumbua watu wote, filamu imegandishwa kwenye karatasi upande mmoja tu kwa tepu, na ukifika pale unasikia kwa vidole imevimba kama kiputo. Usiikandamize, itajikunja. Bandua tepu taratibu, acha filamu ilale vizuri, ibandike upya. Mimi roli yangu ya kwanza niliikandamiza na picha zikatoka na mkunjo katikati, kwahiyo fanya mazoezi mchana na roli mbovu mpaka vidole vizoee.

127 ni habari nyingine, ilianza 1912 na upana wake ni milimita 46 wakati 120 ni kama 61, hapo lazima ukate filamu gizani kwa kifaa maalum. 116 na 616 zenyewe ni pana zaidi, milimita 70, ziliachwa 1984, watu wanaweka 120 na vipachiko vya plastiki huku na huku ili ikae katikati, ila namba za karatasi unazoziona kwenye kidirisha cha nyuma ya kamera hazitalingana, itabidi uhesabu mizunguko.

Na hilo dirisha jekundu la nyuma liangalie sana. Filamu nyingi za enzi hizo hazikuona rangi nyekundu, za leo zinaiona, kwahiyo bandika tepu nyeusi juu yake, ifunue kivulini sekunde chache tu unapovuta picha inayofuata. Kabla ya hapo ingia chumba cha giza na tochi uiwashe ndani ya kamera, kama ina mvukuto, ule mfuko wa mikunjo unaoshika lenzi, ukiwa na vitundu utaviona kwenye kona za mikunjo vinawaka kama nyota, vizibe.

Halafu ukipeleka filamu kusafishwa, mwambie fundi kabla hujampa: spuli naitaka. Mwandikie kabisa kwenye bahasha, maana za 120 wamezoea kuzitupa, na hiyo ya 620 ya chuma ndio utakayoviringishia roli inayofuata.