Kadi za picha hazimzuii mtoto kuongea
Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu: mwanafunzi asiyeongea akipewa kadi za picha, au tableti inayomsemea, atabweteka na hatajifunza kuongea kamwe. Si kweli. Tafiti za miaka mingi hazijaonyesha kwamba nyenzo hizi huzuia usemi. Baadhi ya watoto hata huongeza maneno. Mkanganyiko unaeleweka: kwa kawaida kadi huletwa baada ya usemi kuchelewa, kisha lawama zikaangukia kadi. Muulize mtaalamu wa tiba ya usemi, au andika kila wiki ishara, sauti na maneno anayotumia mtoto, ujionee. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Yupo mzazi atakayeuamini na kumnyang'anya mwanawe njia pekee aliyonayo ya kusema "naumwa".