Kimya cha uwanja huchorwa kwanza kwenye karatasi

Nikiingia kwenye uwanja mtupu, kabla ya kuangalia nyasi wala viti, napiga kofi moja kali na kusikiliza. Kuna viwanja ambako kofi linarudi papo hapo, limeshikana, kama mtu amekuitikia. Kuna vingine linarudi vipande vipande: kwanza kutoka paani, kisha kutoka jukwaa la ng'ambo, kisha mngurumo usiojulikana unatokea wapi. Na kuna vile ambako halirudi kabisa. Hivi vya mwisho ndivyo mashabiki husema havina mzuka, halafu wanaanza kulaumiana wenyewe kwa wenyewe: siku hizi wanakuja watalii watupu, hawaimbi, kazi yao kupiga picha.

Kazi yangu ni kuchora majukwaa, na nimeshasema mara nyingi hadi nimechoka: mara nyingi shabiki hana kosa. Kimya chake kilichorwa miaka kadhaa kabla hajanunua tiketi, kwenye mchoro mmoja tu. Ni mchoro wa mkato, unaoonyesha jukwaa kana kwamba limekatwa kwa kisu kama mkate, kuanzia mstari wa pembeni mwa uwanja hadi ukuta wa nyuma. Picha zenye rangi wanazoonyeshwa waandishi wa habari, zile zenye taa na watoto wameshika bendera, hazina siri yoyote. Siri iko kwenye mkato.

Kila safu lazima iuone mstari wa pembeni juu ya vichwa vya safu iliyo mbele. Kipimo tunachotumia tunakiita C: ni nafasi inayobaki kati ya jicho la aliyekaa mbele yako na mstari unaotoka jichoni mwako kwenda uwanjani. Sentimita 6 ni za kuvumilia, 9 ni nzuri, na zikifika 12 hata aliye mbele yako akivaa kofia hakusumbui. Wazo lenyewe ni la kale. Mhandisi wa Scotland, John Scott Russell, aliliandika mwaka 1838 akiwaza kumbi za mihadhara, wala si mpira.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Jicho la shabiki wa safu ya mbele liko sentimita 190 juu ya nyasi, kila safu ina kina cha sentimita 80, na tunataka C ya sentimita 9. Mkalishe mita 7 kutoka mstari wa pembeni, na safu iliyo nyuma yake itabidi iinuliwe karibu sentimita 32. Msogeze nyuma hadi mita 20, kwa sababu mtu kaamua kuweka njia za riadha katikati, na safu hiyo itahitaji sentimita 17 tu. Tofauti ni karibu nusu kwa nusu! Ukaribu unalazimisha jukwaa lisimame, umbali unaliruhusu lilale. Jukwaa lililolala huweka vichwa vichache mbele ya macho yako ukiwa katikati ya uwanja. Kwa hiyo njia za riadha zinakuadhibu mara mbili: zinasukuma safu zote mbali na goli, kisha zinalilaza jukwaa, na adhabu hii ya pili watu wengi hawaioni.

Juventus waliyajua haya kwa machungu. Stadio delle Alpi ya Turin ilijengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1990, ikiwa na njia za riadha na nafasi ya watu takriban 69,000, na mashabiki hawakuipenda kamwe. Ilivunjwa. Mwaka 2011, palepale ilipokuwa, ukafunguliwa uwanja wa watu wapatao 41,000, safu ya mbele ikiwa mita chache tu kutoka kwenye nyasi. Klabu kubwa ilipunguza viti zaidi ya 25,000 na kelele zikaongezeka. Kila mwekezaji anayenijia na tarakimu moja tu kichwani, ile ya idadi ya viti, namsimulia habari hiyo. West Ham nao walihamia mwaka 2016 kwenye uwanja wa Olimpiki ya London. Pale viti vya chini husogezwa mbele siku za mpira, lakini jukwaa la juu halina miguu.

La Bombonera ya Buenos Aires, iliyofunguliwa 1940, ni kisa kinyume. Eneo lilikuwa finyu, hapakuwa na pa kutanukia, basi majukwaa ya pande tatu yakapanda juu kama kuta. Ufinyu ule ndio uliowapa Boca Juniors kile ambacho wengine wanalipia wataalamu.

Tuje kwenye sauti. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kutoka nyuma ya goli moja hadi nyuma ya goli jingine ni kama mita 130 au zaidi, kwa hiyo wimbo wa upande mmoja unafika ng'ambo ukiwa umechelewa sekunde 0.4. Kama watu wanapiga makofi mawili kila sekunde, kuchelewa huko ni karibu kofi zima. Ndiyo maana pande mbili zikijaribu kuimba pamoja wimbo unakuwa uji. Wanaoutazama kwenye televisheni wanadhani mashabiki hawajui kuhesabu. Wanajua sana! Kila mmoja anafuata anachokisikia, na kila mmoja anasikia kitu tofauti.

Dawa ni kuwa na jukwaa moja kubwa linaloongoza, lisilokatika, na ngoma katikati yake. Ngoma ikikaa katikati ya jukwaa lenye upana wa mita 100, aliye pembeni kabisa anaisikia ikiwa imechelewa sekunde 0.15 hivi, na mwili unaweza kuvumilia hilo, hasa anapoona mabega ya wenzake yakipanda na kushuka. Jukwaa la kusini la Dortmund, wanaloliita Ukuta wa Njano, linabeba watu zaidi ya 24,000 wakiwa wamesimama, bega kwa bega. Tottenham walipofungua uwanja wao mpya mwaka 2019 walijenga jukwaa la namna hiyo, viti 17,500 katika mteremko mmoja. Hawakuficha walikotoa wazo.

Kinachoua jukwaa la hivyo ni mkanda wa vyumba vya wageni maalumu. Mkanda huo unapita katikati kama mshipi kiunoni, unalinyanyua jukwaa la juu mita kadhaa na kulirudisha nyuma, na unakata njia ya wimbo. Wimbo hupanda kutoka mtu hadi mtu, na ukifika kwenye kioo unakuta mtu anakula. Wembley mpya, iliyofunguliwa 2007 na yenye nafasi ya watu 90,000, imekuwa ikionyesha jambo hili kwa rangi: baada ya mapumziko, viti vyekundu vya mkanda wa kati hubaki vitupu kwa dakika kadhaa, mbele kabisa ya kamera, huku wenyewe wakimalizia vinywaji ndani.

Kuna mteja mmoja niliyemchorea mikato miwili, mmoja una mkanda huo nyuma ya goli, mwingine hauna. Aliitazama kwa utulivu, kisha akaniuliza: "Huo mzuka unalipa kiasi gani kwa msimu?" Sikuwa na tarakimu. Vyumba vilikuwa na tarakimu. Vikajengwa.

Paa nalo lina mambo. Likiwa mita 12 juu ya vichwa, sauti yako inaenda na kurudi ndani ya sekunde 0.07, na sikio linaichanganya na ile ya mwanzo: unajisikia una nguvu, unaongeza. Likiwa mita 40, inarudi baada ya sekunde 0.23 na inakuwa mwangwi wa kukusumbua. Chuma na zege hurudisha sauti vizuri, ilhali utando mwembamba wa plastiki huachia sehemu kubwa itoke nje, ikawaburudishe majirani. Zile rekodi za desibeli, yaani za ukubwa wa kelele, zinazotangazwa kila mara mimi sizipi uzito, maana unaweza kupata tarakimu yoyote ukisogeza kifaa cha kupimia. Ninachojali ni kama mtu wa safu ya 20 anajisikia mwenyewe ndani ya umati. Asipojisikia, ananyamaza, na anayemfuata ananyamaza.

Kusimama au kukaa? Naandika kwa uangalifu, kwa sababu watu 97 walikufa kutokana na msongamano kwenye majukwaa ya kusimama ya uwanja wa Hillsborough, Sheffield, mwaka 1989, na ripoti ya uchunguzi ya jaji Taylor ya 1990 ndiyo iliyoweka viti kila mahali katika ngazi za juu za soka la Uingereza. Mwaka 2022 kusimama kuliruhusiwa tena huko, safari hii kukiwa na reli ya chuma mbele ya kila safu. Hiyo reli ni kitu cha kiasi, nami naipenda. Inazuia msukumano, na pia inakupa mahali pa kushika unaporuka. Watu wakiruka pamoja, mara mbili hivi kwa sekunde, jukwaa lote linapokea mdundo huo, na mhandisi wa miundo asipoipigia hesabu mapema atakosa usingizi.

Adui wa mwisho wa mchoraji ni nyasi. Zinataka jua na upepo, vitu viwili ambavyo uwanja wenye kelele nzuri unavizuia. San Siro ya Milan iliongezewa ghorofa ya tatu na paa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1990, na nyasi zake zikawa mgonjwa wa kudumu. Uwanja wa Ajax uliofunguliwa Amsterdam mwaka 1996 nao ulibadilishiwa nyasi mara kwa mara katika miaka yake ya mwanzo.

Kwenye kazi moja tulidhani tumewashinda wote, nyasi na mtunza nyasi. Juu ya jukwaa la nyuma ya goli tuliweka vibao vya plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Nilipiga kofi langu, likarudi limeshikana. Siku ya mechi ya kwanza, kwenye dakika ya 20 hivi, mvua ikaanza. Matone yalipiga paa lile kama kokoto. Ngoma ya katikati ikapotea, wimbo ukagawanyika mara mbili, halafu mara tatu, halafu watu wakanyamaza na kutazama juu. Nami nilitazama juu. Mkato wa paa lile niliuchora kwa miezi minane, na ndani yake hamkuwa na tone hata moja la mvua.