Je, Wajua Kwa Nini Maambukizi ya Ukeni Hurudi Tena na Tena, na Ufanye Nini Ukisubiri Daktari?

Umemeza kidonge, umepata nafuu, umeshukuru Mungu. Hedhi moja ikipita, muwasho uko pale pale, au ile harufu imerudi, na safari hii unaona haya hata kuingia duka lile lile la dawa. Kliniki umepewa tarehe ya wiki mbili mbele, na muwasho haungoji tarehe. Wanawake wengi wa Mombasa wanapitia haya kimya kimya, na wengi wao hujilaumu kwamba pengine hawajisafishi vya kutosha. Hilo silo. Mara nyingi ni kinyume chake, na ndiyo maana naamini kwamba katika siku za kusubiri, yale utakayoyaacha yana faida kuliko dawa yoyote utakayojiongezea.

Kwanza tufahamu uke unavyojilinda. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, ndani ya uke wanaishi bakteria wazuri waitwao laktobasila. Daktari Mjerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza mwaka 1892. Homoni ya estrojeni huufanya ukuta wa uke uweke akiba ya wanga uitwao glaikojeni. Wanga huo ukivunjwavunjwa, laktobasila huutumia na kutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoweka pH ya uke, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi, kati ya 3.8 na 4.5 hivi, na vijidudu vingi vya maradhi haviwezi kustawi hapo. Sasa linganisha: sabuni ya mche ina pH ya 9 au 10. Shahawa zimepita 7, na damu ya hedhi pia. Kwa hiyo si ajabu harufu ikazuka baada ya hedhi au baada ya tendo la ndoa, kwa sababu hizo ndizo nyakati asidi inapozimuliwa.

Ute wenyewe si ugonjwa. Kutokwa na ute mweupe au usio na rangi, unaozidi katikati ya mwezi au wakati wa mimba, ni jambo la kawaida. Kuna wasichana wanaotumia dawa miezi na miezi kwa ajili ya ute ambao hauna kosa lolote.

Na inapokuwa kweli ni maambukizi, tatizo la kwanza ni kwamba yote tunayaita fangasi. Simama jioni kwenye duka la dawa, Majengo au Kongowea. Utamwona mwanamke anangoja wanaume waondoke kwenye kaunta, kisha anasogea, anavuta mtandio karibu na mdomo na kunong'ona, "Nipe ile ya fangasi." Anaulizwa, "Ya kuweka au ya kumeza?" Analipa, anaitia mkobani, anaondoka. Hakuulizwa rangi, hakuulizwa harufu, wala kama ana mimba.

Kumbe maradhi yanayojificha nyuma ya jina hilo ni matatu makubwa, na kila moja lina dawa yake. Fangasi wenyewe, hasa yule aitwaye Candida albicans, huleta muwasho mkali na uchafu mzito mweupe kama maziwa mgando, kwa kawaida bila harufu. Robo tatu hivi ya wanawake duniani huupata angalau mara moja maishani. La pili ni lile ambalo zahanati zetu huliita BV, kifupi cha jina la Kiingereza bacterial vaginosis: laktobasila wamepungua, bakteria wa aina nyingine wamejaza nafasi yao, na mwanamke hutokwa na majimaji mepesi ya kijivujivu yenye harufu ya samaki, hasa baada ya kujamiiana. Muwasho huwa kidogo au haupo kabisa. La tatu ni trikomonasi, kimelea kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na majimaji yake mara nyingi huwa ya manjano au ya kijani, pengine yenye povu. Dawa ya fangasi haimfanyi kitu BV wala trikomonasi. Na dawa ya kuua bakteria ikimezwa na mwenye fangasi, inaweza kuwaua laktobasila wake na kumzidishia fangasi.

Usidhani kukisia ni udhaifu wa watu wa huku tu. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwapima wanawake 95 waliokuwa wamenunua dawa ya fangasi bila cheti wakiamini wanajua wanachougua. Waliokutwa na fangasi peke yake walikuwa thuluthi moja hivi. Macho na pua havitoshi. Majimaji yale yanahitaji kuwekwa chini ya hadubini.

Lakini kuna wanaopimwa sawasawa, wakapewa dawa sahihi, na bado hali ikarudi. BV ndiyo sugu kuliko zote: zaidi ya nusu ya wanawake waliotibiwa hurudiwa ndani ya mwaka mmoja. Sababu mojawapo ni kwamba bakteria wake hujenga utando unaoganda kwenye ukuta wa uke. Dawa inaua wengi, waliojificha ndani ya utando wanasalia. Kwa upande wa fangasi, ikirudi mara tatu au zaidi kwa mwaka, madaktari huihesabu kuwa fangasi ya kujirudia, nayo haitibiwi kwa kidonge kimoja. Aghalabu hupangiwa dozi za mwanzo, kisha kidonge kimoja kwa wiki kwa muda wa miezi 6. Anayenunua kimoja kimoja kila akiwashwa hafikii matibabu hayo hata akinunua mwaka mzima. Pia kuna kisukari ambacho hakijagunduliwa, kinga iliyoshuka kwa sababu ya Virusi vya Ukimwi, na aina za fangasi kama Candida glabrata ambazo dawa ya kawaida haizimudu vizuri. Haya yote ni ya kupimwa.

Na sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi, kwa sababu ni la kwetu hasa. Mwanamke wa pwani amelelewa kuthamini usafi. Somo anamfunza bi harusi kujisafisha, kujifukiza udi, kujitia manukato. Mengi katika hayo ni mazuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kidole kinachoingizwa ndani na sabuni, na maji ya ndimu, na chumvi, na siki, na dawa ya kuua vijidudu iliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu na vidonda. Hapa hapa Mombasa, watafiti waliwafuatilia zaidi ya wanawake elfu moja wanaofanya biashara ya ngono, kwa miaka 10, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Waliokuwa wakijiosha ndani ya uke walipata Virusi vya Ukimwi kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wasiojiosha ndani, na waliotumia sabuni walikuwa hatarini zaidi hata ya waliotumia maji matupu. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba kuosha ndiko kulikoleta virusi, lakini unalingana na yale tunayoyajua: kuosha ndani huwaondoa laktobasila, na uke usio na laktobasila hauna ngao.

Wapo wanaoosha ndani kabla ya kila swala wakihofia udhu. Istinja ya maji inaendelea kama kawaida, ni ya nje, kutoka mbele kwenda nyuma. Kama hali yako ya kutokwa na majimaji inakutia wasiwasi katika ibada, muulize ustadha unayemwamini. Utapata jibu ambalo halikulazimishi kujidhuru.

Kwa hiyo leo usiku, kabla ya daktari, fanya hivi. Acha kuosha ndani kabisa. Nje, osha kwa maji matupu mara moja au mbili kwa siku, na usisugue. Weka kando sabuni ya manukato, poda, pedi zenye harufu na marashi ya huko. Kama nje kunawaka moto, kalia beseni la maji ya kawaida yasiyotiwa kitu kwa dakika chache, au bana kitambaa safi kilichoroweshwa maji baridi. Kausha kwa kugusagusa, kisha paka vaselini nyembamba kwa nje tu, ili mkojo usichome. Ukilala, vua chupi ujifunge leso. Mchana vaa chupi ya pamba, na ukirudi nyumbani umetota jasho chini ya buibui, au umetoka kuogelea baharini na nguo zako mwilini, usikae na nguo mbichi. Ushahidi kwamba nguo pekee huleta maambukizi si mkubwa, lakini unyevu na msuguano huuzidisha muwasho, na kwa joto la Mombasa mwezi wa tatu ni nafuu unayoihitaji.

Usijikune, na kata kucha usije ukajikuna usingizini. Vidonda vidogo vya kucha huwaka kuliko ugonjwa wenyewe.

Kuhusu kujamiiana, bora kusubiri. Ikishindikana, tumia kondomu, na ujue kwamba dawa nyingi za fangasi za kuweka ukeni zina mafuta yanayodhoofisha mpira wa kondomu. Kumwambia mume si rahisi kila nyumba. Neno moja lililonyooka, "Naumwa huku, daktari hajaniona bado," mara nyingi hutosha, na halimtuhumu mtu. Ikiwa kwako neno hilo linaweza kuleta kipigo, mwambie muuguzi ukiwa peke yako naye; nalo ni sehemu ya matibabu.

Kitunguu saumu usiweke. Mtindi ule kadiri upendavyo, lakini usiutie ndani. Ushahidi wake ni dhaifu na una vitu visivyohusika na uke. Kuna pia vidonge vya asidi ya boriki vinavyosifiwa mtandaoni. Madaktari huvitumia kwa baadhi ya wagonjwa, ila vikimezwa ni sumu na mja mzito haviruhusiwi kwake, basi usijipimie mwenyewe.

Je, unaweza kununua dawa ya fangasi huku ukisubiri? Ikiwa umewahi kupimwa maabara ukaambiwa ni fangasi, na dalili za sasa ni zile zile bila harufu, na huna mimba, mwombe mfamasia klotrimazoli ya kuweka na umalize dozi yote. Kama hujawahi kupimwa, au hali inarudi kila mwezi, ni afadhali uvumilie siku chache upimwe kwanza, kwa sababu dawa ikiwa ndani inaweza kuficha kinachotafutwa. Mwenye mimba asimeze flukonazoli, kile kidonge cha fangasi. Aende kliniki ya wajawazito, ambako hupewa dawa ya kuweka. Na vidonge vya kuua bakteria vilivyobaki kabatini tangu mwaka jana, viache huko huko.

Kuna hali ambazo hazingoji tarehe. Maumivu ya tumbo chini ya kitovu, homa, kutapika, damu isiyo ya hedhi au inayotoka baada ya kujamiiana, vidonda au malengelenge, mimba pamoja na majimaji yasiyo ya kawaida, au hedhi iliyochelewa na tumbo linauma: nenda siku hiyo hiyo. Maambukizi yakipanda kwenye kizazi na mirija yanaweza kuharibu uwezo wa kuzaa. Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara hupokea dharura usiku na mchana. Ukiwa ng'ambo ya kivuko kuna hospitali ya Likoni, na upande wa Changamwe kuna Port Reitz. Aliyebakwa asingoje hata usiku mmoja, maana dawa ya kuzuia Virusi vya Ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora.

Siku unazosubiri, chukua daftari au simu uandike: hedhi ilianza lini, dalili zilianza siku ya ngapi, rangi, harufu, dawa gani umetumia na kwa siku ngapi, njia ya uzazi wa mpango uliyo nayo. Ukiendelea kuandika kwa mwezi mmoja au miwili, maandishi hayo humwonyesha daktari mambo ambayo wewe mwenyewe kwa haya usingeyataja. Siku ya kwenda, usijiweke dawa yoyote, na usijamiiane tangu jana yake. Kama unaweza kuchagua, usiende ukiwa katika hedhi.

Ukifika, sema wazi kwamba hii si mara ya kwanza, na taja ni mara ya ngapi mwaka huu. Omba majimaji yapimwe maabara, na sukari na Virusi vya Ukimwi pia. Kama jibu ni trikomonasi, mwenzako lazima atibiwe nawe, na wewe upimwe tena ndani ya miezi 3. Kama ni BV, uliza kuhusu mwenzako vilevile, maana hapa mambo yamebadilika. Kwa miaka mingi wanawake waliambiwa mwanamume hahusiki. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa Australia ambapo wanaume walipewa vidonge pamoja na krimu ya kupaka uumeni kwa siku 7, wakati mmoja na wake zao. Ndani ya wiki 12 BV ilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake hao, na kwa asilimia 63 ya wale waliotibiwa peke yao. Utafiti huo ulihusu wenzi wasio na mwengine nje, kwa hiyo ikiwa mume ana wake wawili au watatu, mwambie daktari, hata kama hakuuliza.