Si kila fedha hugawanywa kwa mia

"Fedha zote zina senti 100." Shilingi ya Kenya na ya Tanzania zimetuzoesha hivyo, lakini aliyeko Muscat anajua vingine. Riali moja ya Oman ni baisa 1,000, na bei huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta. Ukiona 1.500 dukani, hiyo ni riali moja na nusu, si elfu moja na mia tano. Dinari za Kuwait na Bahrain nazo zina filsi 1,000. Ariari ya Madagaska ina iraimbilanja 5 tu.

"Mgawanyo wa zamani ulikuwa wa ovyo kwa sababu watu hawakujua hesabu." Dhana hii inaniudhi kuliko zote, maana inawadharau wazee wetu bure. Rupia ya India ilikuwa na pesa 64 (pesa hapa ni jina la sarafu ndogo), na ile ya Wajerumani huku Tanganyika vilevile mpaka 1904, walipoleta heller 100. Hebu chukua hiyo 64 uigawe nusu kwa nusu: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Hakuna kilichobaki. Sasa jaribu 100: 50, 25, na hapo umekwama. Kwa mtu anayeuza nusu, robo na thumuni ya kipimo, 64 ilikuwa rahisi kuliko mia, tena bila karatasi wala kalamu. Waingereza nao walikuwa na pauni ya peni 240 mpaka Februari 1971. Wagawie watu watatu, kila mmoja anapata 80 kamili, mia haikubali.

"Nchi isiyotumia senti ni maskini." Japani iliondoa sarafu za sen, yaani senti za yen, kwenye mzunguko mwishoni mwa 1953, na hadi leo watu hulipa kwa yen nzima.

"Sarafu ikitoweka mfukoni, senti imekufa." Uganda kweli wanahesabu kwa shilingi nzima. Kenya sivyo. Sarafu ya senti 50 huioni kwa urahisi, lakini bei ya petroli inayotangazwa kila mwezi bado ina senti, na zina uzito: senti 50 kwa lita, ukijaza lita 40, ni shilingi 20. Kinachofanyika ni kukadiria jumla ya mwisho pale unapolipa taslimu. Ukilipa kwa kadi, senti zako hukatwa kama zilivyo.